Mahamri ya harusi yaliyokataa kuumuka

Shangazi yangu anakaa Barani hapa Malindi, anauza mahamri na mbaazi asubuhi na si wa juzi, watu wa tuktuk wanasimama mlangoni kwake kabla jua halijatoka na wengine wanalipa mwisho wa wiki. Kwa hivyo akikupigia simu saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, shikamoo yako haiitikii, anasema tu "Baba njoo, mahamri yamenikataa", unajua hilo si jambo dogo.

Nilimkuta amesimama mbele ya karai. Mafuta yashapata moto, kwenye ubao madonge yamelala bapa kama yaliyokaliwa. Alishajaribu manne. Hamri lake la siku zote likigusa mafuta tu linafura, unalimwagia mafuta juu kwa upawa linajaa upepo, unaligeuza limekwisha. Haya yalizama, yakakaa chini, yakaja juu kwa kujivuta, na mpaka yafike ngozi imeshakuwa nyekundu, ukilivunja ndani limeshikana, linanata kama halikuona moto. Nikalionja. Iliki ipo, tui lipo, utamu upo, hamri lenyewe ndilo halipo.

Na ilikuwa oda ya harusi. Maweni, kifungua kinywa cha wageni, mahamri mia tatu, saa mbili asubuhi yawe mezani. Nitawaambia mapema ilivyoisha msishikwe na roho: alikanda upya palepale, hamira akaongeza, joto la kaskazi likamsaidia, akapeleka kwa kuchelewa saa moja na nusu, aliyesema alisema. Hiyo imepita. Ninachotaka kuandika hapa ni kwa nini yale ya kwanza yalikataa, maana nilikaa na hilo swali karibu wiki tatu, na mimi kazi yangu ni kufundisha bayolojia sekondari halafu siku ile mbele ya shangazi sikuwa na jibu, nilisema tu "labda hamira" kama mtu mwingine yeyote.

Watuhumiwa walikuwa wengi. Jirani alishatoa hukumu yake kwamba ni husuda, oda kubwa kama ile haikosi jicho. Shangazi mwenyewe alishuku unga kwa sababu wiki ile alibadilisha aina. Binamu yangu, mwanawe shangazi, akasema hamira imekufa. Mimi nikashuku stima, maana alinieleza kwamba madonge alikuwa ameyagandisha kwenye friza tangu Alhamisi, na hapa kwetu stima ikiamua kwenda inakwenda.

Tukaanza kuwatoa mmoja mmoja. Hamira: ilibaki pakiti ileile nusu, nikachota kijiko nikakitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari kidogo, dakika kumi povu limefika ukingoni na jiko zima linanuka hamira. Hiyo si maiti. Unga: jana yake alipika nao chapati na zilitoka za kuchambuka, hakuna aliyelalamika. Stima: hapa ndipo shangazi alinizidi akili, alifungua friza akanionyesha barafu za ukwaju anazouzia watoto, kila moja imenyooka ndani ya kifuko chake, ngumu kama jiwe. Stima ingepotea muda wa maana zingeyeyuka zikaganda tena zimepinda na zimeshikana. Basi stima imetoka kwenye kesi. Husuda siwezi kuipima, nikaiacha.

Nikamwambia shangazi nipe hatua kwa hatua, usiruke kitu. Alhamisi baada ya magharibi alikanda unga na tui, sukari, iliki, hamira, kama kawaida. Akaufunika kwa kitambaa akauacha uumuke, na anasema uliumuka vizuri sana, kitambaa kilinyanyuka. Baada ya kama saa moja na nusu akaupiga ngumi kuutoa upepo, akakata madonge, akapanga kwenye trei, akafunika na mfuko wa plastiki, akatia ndani ya friza. Ijumaa saa nne usiku akayatoa yayeyuke na yaumuke polepole mpaka alfajiri. Alfajiri yameyeyuka, kuumuka hakuna. Halafu akaongeza jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani: "Na unga wenyewe umelegea baba, unaninata mkononi, haukubali hata kusukumwa."

Nani alikupa wazo la kugandisha? Akamtazama mwanawe. Binamu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa mjini, na Malindi mnaijua, Waitaliano wamejaa, pizza kila kona. Kule jikoni kwao unga wa pizza unalala kwenye baridi usiku kucha, wakati mwingine siku mbili, na ukitolewa unaumuka vizuri kuliko ulioumuliwa siku hiyohiyo. Akamwambia mamake, mama we unajichosha bure kukanda usiku wa manane, kanda mapema tia kwenye baridi. Na hakusema uongo. Ila kwao ni friji, nyuzi 4 hivi. Kwa shangazi friji limejaa samaki na maji ya kunywa, kwa hivyo "kwenye baridi" kwake ni friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi na baridi, nani atakaa kuuliza.

Lakini hata hilo peke yake halijibu swali. Duniani kuna biashara kubwa kabisa ya unga wa mkate uliogandishwa, supamaketi zinauza madonge yaliyoganda na yanaumuka. Tena hamira ya pakiti imekaushwa mpaka maji yamebaki kama asilimia tano hivi, inakaa dukani mwaka na zaidi, ukiitia maji inaamka. Kitu kinachostahimili kukaushwa hivyo kimeshindwa na usiku mmoja wa barafu?

Hapo ndipo nilirudi kwenye vitabu, na jibu lote liko kwenye sukari. Si sukari ya shangazi, sukari ambayo hamira inajiwekea yenyewe.

Hamira ni kiumbe, jina lake la kisayansi Saccharomyces cerevisiae, kuvu wa seli moja, upana wake kama maikroni tano, ukipanga seli mia mbili kwenye mstari unapata milimita moja. Ndani ya hiyo seli kuna akiba mbili. Moja inaitwa glikojeni, glukosi nyingi zilizoungana kuwa mnyororo wenye matawi, kitu kilekile ambacho sisi tunaweka kwenye ini na misuli. Hilo ni ghala la chakula tu, njaa ikija seli inachota. Ya pili inaitwa trehalosi, na hii ni glukosi mbili tu zilizoshikana kichwa kwa kichwa, kwa namna kwamba ile ncha ambayo kwenye sukari nyingine huwa inarukia protini imefungwa kabisa. Ni sukari mpole, inaweza kujazana ndani ya seli bila kuharibu vyombo.

Hizi akiba seli haiziweki wakati wa raha. Glukosi ikiwa tele yenyewe inakula na kuzaana, hakuna mpango wa kesho. Glukosi ikianza kupungua ndipo glikojeni inaanza kurundikwa, na ikikaribia kuisha kabisa trehalosi nayo inapanda. Si njaa tu. Joto likipanda ghafla kwenye nyuzi 37 mpaka 40, au maji yakiwa yanaondoka, kuna protini mbili, Msn2 na Msn4, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kibao za wakati wa shida, na zile za kutengeneza trehalosi zimo. Viwanda vya hamira vinalijua hili zamani na vinalitumia: hamira ikishazaliana ya kutosha, mwishoni wanaibana, wanaipunguzia naitrojeni makusudi, seli zinadhani mambo yameharibika zinajaza trehalosi, mpaka inafika asilimia 15 na hata zaidi ya uzito wao mkavu. Ndipo wanazikausha. Kwa hiyo ile pakiti ya dukani ni mabilioni ya seli zilizoteswa kidogo zikajiandaa vizuri sana.

Na trehalosi inafanya nini hasa? Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zilizopangwa, na zinakaa kwa mpangilio kwa sababu maji yamesimama katikati ya vichwa vya hayo mafuta. Maji yakiondoka vichwa vinasogeleana, utando unakuwa mgumu, unapasuka pasuka. Trehalosi inaingia pale maji yalipokuwa, inashika nafasi. John Crowe na Lois Crowe wa chuo kikuu cha California kule Davis ndio waliolifuatilia hili kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo trehalosi ikikauka haifanyi punje punje, inakuwa kama kioo, fikiria gubiti, ile ngumu ya kung'aa, na protini za seli zimenasa ndani yake haziwezi kukunjuka wala kushikana. Kuna wanaopinga kwamba trehalosi ndiyo yote, wanaonyesha aina za hamira zisizoweza kuitengeneza na bado nyingine zinapona zikikaushwa, kwa hivyo protini nyingine nazo zina kazi yake. Mimi naona wote wana sehemu yao, lakini kwa jiko la shangazi trehalosi inatosha kueleza.

Kabla sijasahau, na hili watu wa huku kwetu watalipenda: kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kwenye yale madimbwi, kuna kijidudu kama kamba mdogo sana kinaitwa artemia. Mayai yake yanakauka kabisa, yanakaa kama vumbi hata miaka, ukiyatia maji ya chumvi yanaanguliwa, watu wanalisha vifaranga wa samaki. Nayo yamejaa trehalosi. Mbinu ileile, viumbe viwili havijuani.

Sasa turudi Alhamisi jioni. Hamira imeamka kwenye unga, imekuta sukari. Ndani ya dakika chache, si masaa, dakika, seli inahisi glukosi, kemikali inayoitwa cAMP inapanda, inawasha protini kinase A, hiyo nayo inaigusa enzaimu moja ya kukata trehalosi inayoitwa Nth1, na akiba inaanza kuvunjwa. Ngao yote inaliwa. Nilipolisoma hili nilijiuliza mbona ujinga huu, mtu anaitupaje ngao siku ya kwanza ya amani? Lakini si ujinga. Kwanza kila trehalosi moja ni glukosi mbili za kuanzia kazi. Pili mtafiti Susan Lindquist na mwenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba trehalosi inazuia protini zisishikane wakati wa joto, sawa, lakini joto likipita ikiendelea kubaki inazuia protini zilezile zisirudi kwenye umbo lake la kazi. Yaani lazima iondoke ili seli ifanye kazi. Kama mtu aliyefungwa plasta mkono mzima, ulimsaidia wakati wa kuvunjika ila hawezi kukanda unga nayo.

Kwa hivyo baada ya saa moja na nusu kwenye joto la Barani, na kitambaa kimenyanyuka, shangazi alikuwa na hamira iliyochangamka kupita kiasi na iliyo uchi. Ndipo tukaitia barafuni.

Friza ya nyumbani inagandisha polepole, hasa ukijaza madonge mia tatu kwa mara moja. Barafu inaanza nje ya seli, maji yanayobaki nje yanakuwa na chumvi na sukari nzito zaidi na zaidi, yanayavuta maji ya ndani, seli inasinyaa, ni sawa na kuikausha ghafla bila maandalizi. Wakati wa kuyeyuka vipande vya barafu vinakua na kumalizia kazi. Seli ikipasuka inamwaga vilivyomo, na kimoja wapo ni glutathioni, ambayo inakata vile viungo vya salfa vinavyoshika gluteni ya unga, ile protini inayoufanya unga uvutike na kushika hewa. Gluteni ikilegea unga unanata, haukubali kusukumwa. Shangazi alikuwa ameniambia ugonjwa wote kwa sentensi moja, mimi ndiye nilikuwa sisikii. Na hata ile hamira chache iliyopona ikitoa hewa, hakuna cha kuishika.

Maneno ni rahisi, nikataka kuona. Nikachukua glasi nne za chai, shangazi akakanda unga kidogo kwa kipimo chake kilekile, tukakata madonge ya ukubwa wa ndimu, moja kila glasi, nikabandika mpira wa kufungia pesa kwenye kila glasi pale unga ulipofika. Glasi ya kwanza haikugandishwa. Ya pili iliingia friza mara tu baada ya kukandwa. Ya tatu ilikaa mezani saa moja na nusu ikaumuka, tukaupiga ngumi, ikaingia friza. Ya nne sawa na ya tatu lakini ikaenda friji, shangazi akahamisha samaki mmoja kwa manung'uniko.

Kesho yake tukazitoa. Zile za friza tulizipa muda wa kuyeyuka halafu zote tukaziweka dirishani. Ya pili ilichukua muda, saa nzima haikufanya kitu mpaka shangazi akaguna, halafu ikaanza, ikapita mpira kwa vidole viwili kasoro. Ya friji ilikuwa imeshapita mpira hata kabla ya kutolewa. Ya tatu niliitazama kwa karibu sana kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Juu palikuwa na maji maji yanayong'aa, unga umeshuka pembeni umeacha alama kwenye glasi pale ulipokuwa, matundu mawili matatu makubwa halafu kumetulia. Nikatia kidole, kikatoka na uzi mrefu wa unga. Baada ya saa tatu ilikuwa bado chini ya mpira. Shangazi akaitazama akasema "ndiyo haya", akaenda zake kumwagia mbaazi tui.

Jumatatu nikaenda na vipande viwili shuleni, cha glasi ya pili na cha tatu, nikitaka kuhesabu waliokufa kwa hadubini. Kuna rangi ya buluu ya methilini, ukichanganya na seli za hamira zilizo hai zinabaki nyeupe kwa sababu zinaivunja hiyo rangi, zilizokufa zinabaki buluu. Kipande cha unga ukikikoroga kwenye maji unaona kwanza chembe za wanga, kubwa kubwa kama magunia, hamira ziko katikati yake kama tende zilizomwagika sokoni. Lakini zinaonekana. Kwenye glasi ya pili buluu zilikuwa hapa na pale. Ya tatu ilikuwa buluu, buluu, buluu, nyeupe moja, buluu. Sikuandika hesabu kwa sababu wanafunzi wa kidato cha tatu walishanizunguka kila mmoja anataka jicho lake.

Mmoja akauliza kama tunaweza kuiona hiyo sukari yenyewe. Swali zuri. Tukajaribu aidini, ambayo inaipa glikojeni rangi ya kahawia nyekundu. Kwenye unga ni kazi bure, wanga wote uligeuka buluu nyeusi hatukuona kitu kingine. Tukachukua hamira ya pakiti iliyolowekwa kwenye maji matupu, hapo kahawia ikaonekana ndani ya seli nyingi. Trehalosi yenyewe aidini haiigusi, haina rangi, kwa hivyo ngao yenyewe hatukuiona kwa macho, tuliona tu nani alikufa kwa kuikosa.

Sasa kosa langu. Nikamwambia shangazi kwa kujiamini kabisa: ukitaka kugandisha, gandisha kabla ya kuumuka, na tumia maji ya baridi na tui la baridi ili hamira isiamke haraka. Ushauri wa maana, si ndiyo? Akafanya. Akachukua hamira yake ya chembe kubwa, akailoweka kwenye maji ya barafu moja kwa moja. Unga haukuumuka vizuri hata ule ambao hakuugandisha. Akanipigia simu, safari hii hakuniita baba.

Hamira kavu ina mlango wake wa kuingilia maji. Utando uliokauka mafuta yake yamekaza, na yanahitaji joto ili yalegee kabla maji hayajaingia kwa fujo. Ukiipa maji ya vuguvugu ya kama nyuzi 40 utando unakuwa umeshalegea, unapokea maji, unajifunga. Ukiipa maji baridi utando unalegea huku maji yanaingia na kutoka, na katikati ya hilo zoezi vya ndani vinavuja, glutathioni ikiwemo. Trehalosi inapunguza hilo tatizo, inafanya utando ulegee kwenye joto la chini zaidi, ila hailimalizi. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimeokoa ngao kwa kuibomoa nyumba. Hamira ya chembe ndogo sana, ile ya kutia moja kwa moja kwenye unga, nayo ni hivyohivyo haipendi maji ya barafu, isipokuwa ukiichanganya na unga kwanza inalindwa kidogo.

Tulipofika sasa ni hapa. Hamira inalowekwa kwenye kikombe kidogo cha maji ya vuguvugu, dakika tano, na bila sukari. Hili la sukari tulibishana, maana kila mtu pwani anatia kijiko cha sukari aone povu, na povu ni zuri kama unataka kujua hamira ni nzima, lakini kwa unga wa kugandisha hicho kijiko ndicho kengele ya kuamsha Nth1. Kisha tui na vitu vingine vyote vinatoka friji, unakanda kwa haraka, hupumzishi, unakata madonge na kuyabonyeza yawe bapa ili barafu iyafikie kwa wakati mmoja, unapanga trei chache tu kwa mara moja, friza. Hamira unaongeza kidogo kuliko kawaida kwa sababu wengine watakufa tu, trehalosi itaanza kuliwa hata kwenye huo muda wa kukanda, hakuna ujanja. Kuna watafiti Japani waliziharibu jeni za enzaimu za kukata trehalosi kwenye hamira ya mkate, na hizo hamira zikastahimili kuganda vizuri zaidi, lakini sijui duka la Malindi litakaloniuzia hiyo.

Mahamri yenyewe yana sukari nyingi kuliko mkate, na sukari nyingi kwenye unga nayo inavuta maji kutoka kwenye seli, hamira inajibu kwa kutengeneza gliseroli, kitu cha kuyazuia maji yasitoke. Kwa hivyo binamu asije akamlinganisha mamake na unga wa pizza, ambao hauna sukari ya maana. Kwa usiku mmoja tu, friji inatosha na ni bora, hata ukiwa umeshaumuka. Friza ni ya siku mbili tatu mbele.

Mwezi uliopita kulikuwa na oda ya hitima, mahamri mia mbili. Shangazi aligandisha Jumanne, akakaanga Alhamisi. Nilifika kwa kujifanya napita. Yaliumuka kwa kuchelewa, aliyatoa saa nne usiku na mpaka alfajiri yalikuwa yamefura kiasi, si kama ya siku ileile, yeye anasema yana "uzito wa ulimi". Kwenye mafuta yakajaa. Kama matano hivi yalibaki bapa, yale ya trei ya chini kabisa iliyokuwa imebanwa na barafu za ukwaju, hayo tukayala sisi na chai. Binamu naye alikuja kutoka kazini amechoka, akalichukua moja lililojaa, akalipasua kunusa iliki, akamuuliza mamake kama sasa atahamisha wale samaki kabisa apate nafasi ya trei kwenye friji.

"Hamisha wewe," akaambiwa, "si wewe mwenye baridi."